SAMUEL AJAYI CROWTHER: MTUMWA ALIYERUDI KUPAONA ALIPOFUNGWA



Katika ukurasa wetu wa maisha ya watumishi wa Mungu wa zamani, safari hii tunawaletea habari za mtu mmoja wa Afrika Magharibi. Wengi tumesikia jina lake kama askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Anglikana. Lakini kabla hajawa askofu alikuwa mtoto aliyefukuzwa kijijini kwa bunduki na moto, akatenganishwa na mama yake, akauzwa, akavushwa maji, akalelewa katika nchi ya watu wengine. Tukisoma habari zake tunaona kama tunasoma habari za watu wa makazi yetu. Ndiyo sababu tumemchagua.

ASUBUHI ILIYOHARIBU KIJIJI

Ajayi alizaliwa karibu mwaka 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo iko Nigeria. Kwa Wayoruba, Ajayi ni jina la mtoto aliyezaliwa akiwa kifudifudi. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo. Mama yake aliitwa Afala.

Mwaka 1821, Ajayi akiwa na umri wa miaka kama 12, vita vilifika Osogun. Ilikuwa asubuhi, kama saa tatu, chakula kikiandaliwa. Walioshambulia walikuwa mchanganyiko wa watu: Wafula, Waoyo Waislamu, na watumwa waliotoroka kwa mabwana zao. Baba alitoka nje kutazama, akarudi haraka kuwaambia wakimbie, kisha akaenda kupigana pamoja na wanaume wenzake. Ajayi hakumwona tena baba yake mpaka mwisho wa maisha.

Mama alikimbia na mtoto mchanga, na Ajayi, na dada yake mwingine, na binamu. Hawakufika mbali. Walikamatwa, wakafungwa kamba shingoni, wakasukumwa njiani pamoja na majirani zao huku moshi wa nyumba zao ukipanda nyuma yao. Walipofika mji wa Iseyin waligawanywa kama mali: mama na mtoto mchanga upande huu, Ajayi na dada yake upande ule.

Nani kati yetu anahitaji kuelezwa asubuhi ya namna hiyo? Tunapita.

FARASI, TUMBAKU NA POMBE

Siku ile ile Ajayi alibadilishwa na farasi. Baadaye mwenye farasi hakuridhika, akamrudisha mtoto. Kwa muda alipata kukaa karibu na mama yake, kisha akauzwa tena, na tena. Kuna wakati alitolewa kwa tumbaku na pombe kali. Alipoona anapelekwa upande wa pwani, akajua atauzwa kwa Wareno, akakata tamaa kabisa. Yeye mwenyewe aliandika baadaye, akiwa mtu mzima, kwamba kwa usiku kadhaa alitaka kujiua, lakini moyo ulimshinda.

Hatulifichi jambo hili, kwa sababu tunajua katika makazi yetu wapo wanaolala na wazo hilo. Mpendwa, yule kijana aliyetaka kufa njiani alikuja kuwalisha maelfu neno la Mungu. Usikae peke yako na wazo hilo. Njoo kwa mchungaji, au kwa mzee wa kanisa, au kwa jirani unayemwamini, hata kama ni usiku.

Hatimaye alifika Lagos, mji wa kisiwani, soko kubwa la watumwa katika pwani ile. Huko alikaa miezi kadhaa. Kwa mara ya kwanza alimwona mzungu, na mzungu yule alimkagua kama mtu anavyokagua mbuzi sokoni. Waliwekwa katika mabanda ya watumwa, wanaume na wavulana pamoja, shingo zao zimepitishiwa mnyororo mmoja wenye urefu wa pima sita. Mwanaume mmoja akivuta ili apate nafasi ya kulala, wavulana waliumizwa shingo au kukosa pumzi. Usiku joto lilikuwa la kuua.

Tuwaombe wasomaji washike mahali hapa katika kumbukumbu: mabanda ya Lagos. Tutayarudia.

MANOWARI MBILI

Mwezi Aprili 1822 walipakiwa katika meli ya Wareno, watu 187. Meli iliitwa Esperança Felix, maana yake Tumaini la Furaha. Furaha ya nani, msomaji ajibu mwenyewe.

Lakini meli haikufika mbali. Manowari mbili za Waingereza zilikuwa zinalinda pwani, kwa maana Uingereza ilikuwa imepiga marufuku biashara ya watumwa tangu mwaka 1807. Waliizingira meli ile na kuikamata. Ajayi na wavulana wachache walihamishiwa katika manowari iliyoitwa Myrmidon. Hapo hofu iliwazidi. Waliona nyama imetundikwa, wakadhani ni ya watu. Waliona mizinga na marisasi yake ya mviringo yamepangwa, wakadhani ni vichwa vya wenzao! Baadaye waligundua nyama ni ya nguruwe na vile vichwa ni chuma. Aliyekwisha kuuzwa mara nyingi haamini upesi kwamba anaokolewa.

Tarehe 17 Juni 1822 walishushwa Sierra Leone, katika koloni lililopokea watumwa waliokombolewa baharini. Watu wa makabila mengi waliwekwa pale, kila mmoja na lugha yake na maombolezo yake. Ajayi alipelekwa kijiji cha Bathurst, akafundishwa kusoma na useremala. Baada ya miezi sita tu aliweza kusoma Agano Jipya. Tarehe 11 Desemba 1825 alibatizwa, akachukua jina la Samuel Crowther, lililokuwa jina la mchungaji mmoja wa London. Lakini jina la Ajayi hakulitupa.

Mwaka 1827 alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa chuo cha Fourah Bay. Alimwoa Asano, aliyebatizwa kwa jina la Susan, naye pia mtoto aliyekombolewa katika meli ya watumwa. Alikuwa mwalimu. Mwaka 1841 Crowther alikwenda na msafara wa Waingereza katika Mto Niger. Homa iliwapiga vibaya, na wazungu zaidi ya 40 walikufa. Ikaonekana wazi kwamba Injili katika nchi ile lazima ichukuliwe na Waafrika wenyewe. Mwaka 1843 alipewa daraja la ukasisi huko London. Mwanzoni mwa 1844 aliongoza ibada kwa Kiyoruba kanisani Freetown, lugha ya mama yake, mbele ya watu ambao wengi waliuzwa kama yeye.

KURUDI

Sasa tunafika penyewe. Mwanzoni mwa 1845 Crowther alifika Badagry, pwani ya nchi yake, pamoja na wamisionari wenzake Henry Townsend na C. A. Gollmer. Walitaka kwenda Abeokuta, lakini mfalme aliyewaalika, Sodeke, alikuwa amekwisha kufa, na njia zilikuwa na vita. Walikaa Badagry mwaka na nusu wakingojea. Wakimbizi tunaijua kazi ya kungojea. Crowther hakukaa bure: alihubiri, alifundisha, aliendelea kuandika maneno ya Kiyoruba.

Mwezi Agosti 1846 njia ikafunguka, wakaingia Abeokuta. Tafadhali tuzingatie mji huu. Jina lake maana yake ni chini ya mwamba. Ulianzishwa karibu mwaka 1830 na Waegba waliokimbia vita, wakajificha katika mapango ya mwamba wa Olumo, na wengine wengi waliovunjiwa miji yao wakaja kujiunga nao. Yaani ulikuwa mji wa wakimbizi. Osogun ilikuwa imebaki magofu. Mungu hakumrudisha Ajayi Osogun kukutana na yaliyopotea. Alimkutanisha nayo mahali ambapo waliovunjika walikuwa wamekusanyika.

Tarehe 21 Agosti 1846, wiki chache tu tangu afike, mama yake alikuja kumtafuta, akiwa na ndugu yake Ajayi wa mama mwingine. Ilikuwa imepita miaka 25. Mama alikuwa amesikia habari, hakuamini, akaja kuona mwenyewe. Walipoonana hawakuweza kusema. Walishikana mikono, wakatazamana kwa mshangao, machozi yakateremka katika mashavu ya mama yaliyokonda. Mikono yake ilitetemeka. Akaanza kumwita kwa majina yale ya utotoni ambayo bibi yake alikuwa akimwita, bibi aliyekwisha kufa utumwani. Wakakaa kimya, wakitazamana. Siku ile kalenda yake ya Kikristo ilikuwa na andiko la Zaburi 10:14, linalosema habari za Mungu kuwa msaidizi wa yatima.

Mama alikaa na mwanawe, akasikia Injili. Tarehe 5 Februari 1848 alibatizwa, miongoni mwa waongofu wa kwanza wa Abeokuta. Akapewa jina la Hana. Kwa kuwa mwanawe ni Samueli, mama aitwe nani tena? Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafariki mwaka 1883.

MAHINDI NA MUHOGO

Bado kulikuwa na Lagos. Biashara ya watumwa ilikuwa inaendelea pale. Mwaka 1851 Crowther alikuwa Uingereza, akaonana na mawaziri na Malkia Victoria mwenyewe, akaeleza mateso ya watu wake. Mwisho wa mwaka huo manowari za Waingereza ziliushambulia mji wa Lagos na kumfukuza mfalme Kosoko. Tarehe 1 Januari 1852 mfalme Akitoye alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara hiyo. Hatuwezi kusifu mizinga. Mji uliungua, na baada ya miaka tisa Waingereza waliuchukua kabisa kuwa wao. Lakini mabanda ya watumwa yalifungwa, na hilo ni kweli pia.

Ikafika siku Crowther akatembea mjini Lagos kwa miguu yake mwenyewe, bila mnyororo, miaka kama 30 tangu alipopakiwa. Alikumbuka mahali pengi. Akaamua kwenda kupaona pale palipokuwa na mabanda. Aliandika alichokiona. Sehemu nyingine zilikuwa shamba la mahindi na muhogo. Sehemu nyingine zilikuwa zimejengwa vibanda vilivyojaa mapipa ya mafuta ya mawese na bidhaa, mahali ambapo zamani walijaa watu wenye minyororo, wakiugua na kukata tamaa. Akastaajabia tofauti ile, akamshukuru Mungu.

Tuna neno la kukiri hapa. Miaka michache iliyopita tulipata nafasi ya kuvuka Ziwa Tanganyika kwa siku nne, kwenda kuangalia kijiji chetu. Mahali palipokuwa na nyumba ya baba yetu tulikuta muhogo. Mtu ambaye hatumjui alikuwa amelima pale, na muhogo wake ulikuwa umestawi. Tuliona uchungu mkubwa, tukarudi bila kumsalimu mwenye shamba. Tulihubiri msamaha Jumapili iliyofuata, lakini tulijua moyoni kwamba hatukuwa nao.

Tuliposoma habari za Crowther na muhogo wa Lagos, tulijiuliza: mbona muhogo ule ulimpa amani, na huu wetu ukatupa hasira? Jibu la kwanza ni rahisi: yeye alikuta muhogo mahali pa mateso yake, sisi tumeukuta mahali pa furaha yetu. Hizo si sawa, na asiambiwe mtu aliyenyang'anywa shamba kwamba haki yake si kitu. Haki idaiwe kwa njia zake. Lakini lipo na jibu la pili, nalo ndilo linalotusumbua. Crowther hakwenda kuangalia kilichochukuliwa. Alikwenda kuangalia kama Mungu amefanya kazi mahali pale wakati yeye hayupo. Sisi hatukuuliza hivyo. Hatukuuliza yule mlimaji ametoka wapi, amekimbia nini, anawalisha watoto wangapi kwa muhogo ule. Huenda naye ni Osogun yake imeungua.

KATI YA WALIOMVUNJIA MJI

Crowther alifanya kazi nyingine nyingi, nasi tutazitaja kwa ufupi. Alitafsiri sehemu kubwa ya Biblia kwa Kiyoruba na kusimamia iliyobaki, mpaka Biblia nzima ikapatikana katika miaka ya 1880. Kuanzia 1857 aliongoza misheni ya Niger iliyoendeshwa na Waafrika. Tarehe 29 Juni 1864 aliwekwa wakfu kuwa askofu katika kanisa kuu la Canterbury. Kati ya waliohudhuria alikuwamo mzee mmoja, Henry Leeke, ndiye nahodha wa Myrmidon aliyempokea mtoto Ajayi mwaka 1822.

Jambo moja lingine tusiliache. Mwaka 1872 alikwenda Ilorin, mji wa Waislamu uliotawaliwa na Wafula, jamaa ya wale walioshiriki kuvunja Osogun. Hakwenda na kisasi wala kwa kugombana. Aliulizwa maswali ya imani mbele ya emiri na watu wake, akajibu kwa upole, akitumia maneno ya Maandiko. Katika makazi yetu tunachota maji bomba moja na watu ambao kabila lao lilitukimbiza. Mfano huu ni wetu.

UZEE NA MAJARIBU

Tusidhani mtu akipata amani basi majaribu yamekwisha. Mwaka 1890 wamisionari vijana kutoka Uingereza walikuja kuichunguza misheni yake, wakawafukuza watumishi wake wengi kwa ukali, na mzee wa miaka 80 na zaidi akadharauliwa mbele ya watu. Alijiuzulu katika kamati ile. Tarehe 31 Desemba 1891 alifariki Lagos, na aliyemfuata katika kiti chake alikuwa mzungu. Mwaka 2014, miaka 150 baada ya kuwekwa wakfu kwake, Askofu Mkuu wa Canterbury aliongoza ibada ya shukrani na toba, akaomba radhi kwa ajili ya mambo aliyotendewa.

Ona mahali alipofia: Lagos. Mji ule ule alimofungwa mnyororo wa pima sita ndimo alimoishi mzee, ndimo walimozaliwa wajukuu, ndimo alimozikwa na waumini wake. Mahali pa jeraha pakawa nyumbani.

TUFANYE NINI?

Hata upande wetu huu wa Afrika zilipita njia hizo hizo: kutoka Manyema, kuvuka ziwa, Ujiji, Tabora, mpaka Bagamoyo. Tunaishi juu ya udongo uliokanyagwa na miguu iliyofungwa. Leo juu ya njia hizo tunalima, tunaoa, tunabatiza.

Wapo wenzetu wanaojiandaa kurudi nyumbani. Wapo wanaosema hawatarudi kamwe. Wapo watakaopelekwa nchi za mbali. Sisi hatumwamulii mtu. Tunasema hili tu: ukipata siku moja nafasi ya kupaona mahali pako pa zamani, usiende kuhesabu kilichopotea peke yake. Yakobo alirudi Betheli (Mwanzo 35) mahali alipolala juu ya jiwe akiwa mkimbizi, akajenga madhabahu. Ajayi alirudi Lagos akakuta mahindi, akashukuru. Na kama hutapata nafasi ya kurudi, kumbuka kwamba Ajayi hakuonana na mama yake Osogun. Alionana naye katika mji wa wakimbizi.

Kwa upande wetu, tukijaliwa kuvuka tena, tumeazimia kumtafuta yule mwenye shamba, tumsalimu, tumuulize jina lake. Tuombeeni.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya nyumba kwa nyumba:

1. Ni mahali gani unapopakumbuka kwa uchungu? Umewahi kumwambia Mungu habari za mahali hapo?
2. Kwa nini Ajayi alikwenda mwenyewe kuona palipokuwa na mabanda, badala ya kupakwepa?
3. Kuna mtu katika makazi haya ambaye hujamsalimu kwa sababu ya mambo ya nyumbani? Utafanya nini juma hili?

Mungu awabariki nyote, na amani ya Kristo ikae katika nyumba zenu.